Kufuli Jekundu la Mjomba

Jumatatu, 3 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Umeme wa fezi tatu umefika kwetu. Najua barua huanza na salamu za watu wote, lakini nikianza na salamu leo nitapasuka.

Walikuja Alhamisi, watu wanne na ngazi, wakavuta waya nne nene kutoka nguzo ya kona hadi ukutani kwetu, juu ya dirisha la chumba cha tanuri. Mama alitoka na unga hadi viwikoni akasimama barabarani kuangalia, akasahau kabisa kwamba ana mikate motoni. Tuliila hivyo hivyo, myeusi chini. Baba alisimama mlangoni, mikono nyuma.

Na mashine ya kukandia tunayo. Imetumika, tumeitoa kwenye kiwanda cha mikate kilichofungwa, ila ni nzima. Bakuli lake, mdogo wangu Kitinda anaweza kukaa ndani akajikunja, na amekwisha kujaribu. Katikati kuna mkono wa chuma uliopinda kama kulabu, ndio unaokanda. Hospitali wanataka mikate mia nne kila asubuhi kuanzia tarehe mosi Julai. Kwa mikono yetu tunafikisha mia na hamsini, na hapo mabega ya Mama yanalia usiku kucha. Kwa hiyo unaelewa kwa nini silali.

Shida yangu ni hii. Tumempata fundi mwenye leseni, tunamwita Fundi Koti kwa sababu havui koti lake hata mbele ya tanuri. Kila nikimuuliza kitu ananijibu, "Hayo ya kitaalamu, dada." Mimi niliyekushikia testa ya umeme nikiwa na miaka minane naambiwa hivyo. Nieleze wewe: kwa nini waya za moto ziwe tatu? Moja ina kasoro gani? Na ya nne ina kazi gani kama haina moto?

Jambo la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Nataka siku mashine inapoanza kazi uwe umesimama pale, wewe na Baba. Sijui mlikoseana nini. Nikikutaja, Baba anaondoka kwenda kuangalia tanuri, hata kama tanuri limezimwa. Na wewe mara ya mwisho ulikuja kwenye msiba wa Bibi ukaondoka kabla ya chakula. Miaka kumi na tisa, Mjomba. Ulipohama, Kitinda alikuwa mgongoni kwa Mama; leo ananizidi kimo na mdomo.

Najua simu huisikii, ndiyo maana nampa barua dereva wa lori la unga. Anapita kwako kila Jumatatu. Usinicheleweshe.

Mpwa wako,
Cheche


Jumatatu, 10 Juni

Mpwa wangu Cheche,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nimesimama, dereva akinitazama kama mtu aliyepagawa. Fezi tatu hapo mtaani kwenu. Niliwahi kusema sitayaona hayo nikiwa hai.

Sasa kaa chini. Umewahi kuona mtu mmoja akitwanga peke yake? Mchi unapanda, unashuka, unapiga, halafu kinu kinapumzika mpaka mchi urudi. Huo ndio umeme wa waya mmoja wa moto, unaowasha taa yako. Unapanda na kushuka mara hamsini kwa sekunde. Taa haioni pengo, lakini mota kubwa inaliona na inachoka nalo.

Weka watu watatu kwenye kinu hicho kimoja, wamekizunguka. Wa kwanza anapiga, wa pili anapokea, wa tatu anapokea, anarudi wa kwanza. Kinu hakipumziki hata kidogo, na hakuna anayeumia bega. Hizo ndizo fezi tatu. Nguvu inafika bila pengo, na kwa kuwa mapigo yanazunguka, mota nayo inajua izunguke upande gani tangu inapoamka. Waya wa nne ni nyutro, njia ya kurudia. Watatu wakitwanga sawasawa, nyutro haina kazi kubwa. Lakini ukitundika taa, friji na feni zote kwenye fezi moja, mmoja anabeba mzigo wa wenzake. Mwambie huyo Fundi Koti azigawe. Waya wa tano ni wa kwenda ardhini, na kila chuma mnachokigusa, bakuli, meza, tanuri, lazima kishikwe na waya huo. Huo hauna mjadala.

Hesabu kwa mkono wangu wa kushoto kama ulivyokuwa ukifanya utotoni: vidole vitatu, fezi tatu. Kutoka kidole kimoja mpaka nyutro kuna volti kama mia mbili na thelathini. Kutoka kidole mpaka kidole ni mia nne. Taa ya kawaida ukiifunga kati ya fezi na fezi inakufa papo hapo. Mtu naye hana tofauti kubwa na taa.

Na siku mota ikiguna bila kuzunguka, izime haraka. Ni kwamba mtwangaji mmoja kaondoka na wawili wanajiua. Fundi afunge kifaa cha kukata umeme mota inapoelemewa, na akipime kulingana na mota yenu, si kwa kukisia.

Kwenye kifurushi hiki kuna kufuli jekundu. Ni langu la kazi. Mtu yeyote akitaka kuingiza mkono kwenye mashine, kwa kutengeneza au kusafisha tu, anazima swichi kuu, anaifunga kwa kufuli hilo, na ufunguo anauvaa shingoni mwake. Siyo mfukoni, siyo ukutani. Shingoni. Ufunguo ni mmoja tu, na haupewi mtu mwingine. Hata baba yako. Hata mimi.

Kuja sitaweza. Magoti.

Mjomba wako,
Vitatu


Jumatatu, 17 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Magoti yako nayajua, ndiyo hayo hayo uliyopandia ngazi ya kanisa mwaka juzi kutengeneza kengele. Dereva kanieleza kila kitu. Haya, nimekusamehe kwa wiki moja.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya Fundi Koti. Nilipofika kwenye watwangaji watatu alivua koti. Kweli, alilivua, akalitundika, akasema, "Huyu mzee ni nani?" Tangu hapo ananieleza kila skrubu. Taa amezihamishia fezi ya kwanza, friji ya pili, feni ya tatu. Bakuli na meza vimefungwa waya wa ardhini, amenionyesha kwa kipimo.

Kufuli limefika. Mama alilishika muda mrefu, akalifuta kwa kanga, akanirudishia. Baba alipoliona alikwenda kuangalia tanuri.

Sasa ngoja nikupe kituko. Jumamosi saa nne tuliwasha mara ya kwanza. Nilibonyeza mimi. Mjomba, ilizunguka bila kelele, kama kitu kilichokuwa kikingoja kuambiwa tu. Kitinda alipiga vigelegele, Mama akamwaga unga, maji, hamira na chumvi, tukasogea kutazama donge likikandwa. Donge likapanda. Nakuambia likapanda ule mkono wa chuma taratibu, kama mtu anayetoka bafuni, likafika juu kwenye mota, likainama, likaanguka sakafuni miguuni pa Fundi Koti. Tukalirudisha. Likatoka tena. Mara ya tatu Mama akasema hii mashine haitaki mikate yetu. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikakumbuka hospitali na kicheko kikakata.

Fundi Koti anasema huenda gia imekufa. Wale waliotupatia mashine wanaapa ilikuwa nzima. Zimebaki wiki mbili. Tafadhali nijibu kwa dereva huyu huyu, nimemwomba alale kwako njiani, nimempa mikate miwili ya rushwa.

Ufunguo uko salama.

Mpwa wako mwenye donge kichwani,
Cheche


Jumanne, 18 Juni

Cheche,

Dereva amelala kwangu na mkate mmoja amekula peke yake, lakini barua ameingojea. Nimecheka nikiwa peke yangu, majirani watasema.

Mashine yenu ni nzima. Inazunguka kinyumenyume tu. Ule mkono umepindwa ili ushushe donge. Ukizungushwa kinyume unalipandisha. Rudi kwenye kinu. Watwangaji wamesimama duara na zamu inazunguka kulia. Wawili wakibadilishana nafasi, zamu inazunguka kushoto. Basi fundi achukue waya mbili zozote kati ya zile tatu zinazoingia kwenye mota, azibadilishe nafasi. Mbili tu. Akizisogeza zote tatu kwa mpangilio, atarudi pale pale alipoanzia na mtaokota donge tena. Nyutro na waya wa ardhini asiviguse.

Ni kazi ya dakika kumi, na dakika kumi ndizo zinazoua watu, kwa sababu mtu anajiambia ni dakika kumi tu. Kwa hiyo azime. Angoje mashine isimame kabisa. Afunge kufuli. Halafu achukue kipimo, akijaribu kwanza mahali penye umeme aone kinafanya kazi, ndipo apime waya zile: fezi kwa fezi, kila fezi kwa nyutro, kila fezi kwa ardhi. Halafu akirudishe penye umeme aone hakikufa katikati. Rangi za waya asiziamini. Na ile bisibisi yenye kitaa asiitegemee, inadanganya.

Umeandika ufunguo uko salama. Sikukuuliza kama uko salama. Uko shingoni?

Vitatu


Jumatatu, 24 Juni

Mjomba wangu mpendwa sana,

Inazunguka sawa. Inakanda. Donge linakaa chini na adabu zake. Dakika kumi na mbili na linatoka laini, ukilibonyeza linarudi. Mama alilishika akasema, "Haya ndiyo mabega niliyokuwa nayaomba," akaenda kulala saa saba mchana, kitu ambacho sijakiona tangu nizaliwe. Jana tumejaribu mikate mia nne na ishirini. Mtaa mzima umekula mkate wa bure, hata polisi wa zamu, hata yule jirani asiyetusalimia. Fundi Koti anajiita mwanafunzi wako. Waya mbili tu, Mjomba. Yaani kitu kidogo hivyo.

Kazi ilifanyika Ijumaa. Ilikwenda vizuri. Kuna swali moja dogo: bisibisi ikiyeyuka ncha, inanoleka tena au ni ya kutupa? Ya Fundi Koti imeharibika kidogo. Siku hizi vyuma vyenyewe ni hafifu.

Kitinda hajambo, ila amekuwa mkimya, hali vizuri, na analala chumbani kwa Mama. Labda ni uchovu.

Ufunguo sasa uko shingoni kwangu, hata naoga nao.

Wiki ijayo ni tarehe mosi. Magoti vipi?

Mpwa wako,
Cheche


Jumanne, 25 Juni

Mpwa wangu,

Chuma cha bisibisi hakiyeyuki kwa uhafifu. Kinayeyuka kikigusa fezi mbili zenye moto. Umeandika ufunguo "sasa" uko shingoni. Na msichana asiyejua kunyamaza amenyamaza. Mimi masikio ndiyo mabovu, macho bado.

Nadhani ilikuwa hivi: ufunguo uliutundika mahali, Kitinda akauona, akafungua, akawasha. Fundi alikuwa na bahati. Kama nimekosea nisahihishe, nitafurahi kuomba radhi. Kama sijakosea, usimgombeze mdogo wako. Aliyetundika ufunguo ni wewe. Nakuambia hivyo kwa sababu na mimi niliutoa.

Mlango wa lori haukukata vidole vyangu viwili, kama mlivyoambiwa. Mimi na baba yako tulifanya kazi kiwanda kimoja cha kukamua mafuta, yeye kwenye mashine, mimi kwenye umeme. Kufuli hilo lilikuja na funguo mbili. Moja nilivaa, ya pili nilimpa yeye, kwa kuwa hapakuwa na mtu niliyemwamini zaidi, na niliona ni heshima. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya mota, mkono ndani. Baba yako aliona shati langu halipo kwenye msumari, akadhani nimemaliza nimetoka. Watu walikuwa wanangoja zamu ianze. Akafungua kwa ufunguo niliompa mwenyewe, akawasha.

Alinibeba mgongoni mpaka hospitali. Njiani tuliamua ni mlango wa lori, ili asifukuzwe kazi, na mama yako asiwe na mume wa kumlaumu na kaka wa kumhurumia katika nyumba moja. Nafikiri mama yako alijua siku zote.

Sikumkasirikia hata saa moja. Lakini kila tulipokaa kula, aliuangalia mkono wangu na kijiko kikabaki hewani. Alikonda. Kwa hiyo nikaona heri niupeleke mkono huu mbali, yeye ale. Nimekaa mbali miaka kumi na tisa nikidhani nimemfanyia wema. Nikikwambia sikumkumbuka nitakuwa mwongo.

Mwite Kitinda. Mpe kufuli alifunge yeye mwenyewe, avae ufunguo, halafu apime aone waya zimekufa kweli. Mfanye hivyo mara kumi. Kila mtu anayeisafisha mashine awe na kufuli lake. Yakiwa matano, yafunge swichi yote matano.

Barua hii ni yako. Baba yako anajua kusoma.

Mjomba wako


Alhamisi, 27 Juni

Mjomba,

Hukukosea hata kituo. Uzi ulikuwa unaniwasha na ulijaa unga, nikautundika ule ufunguo kwenye msumari pamoja na ule wa stoo. Swichi kuu iko ukumbini, mashine chumba cha ndani. Donge la kwanza, la mkono, lilikuwa limeumuka linamwagika kwenye trei, tanuri limezimwa. Kitinda alisikia kimya, akadhani tumemaliza. Fundi Koti alikuwa ameiacha bisibisi ndani ya kisanduku akikung'uta mkono uliokufa ganzi. Kulikuwa na mwanga mweupe na mlio, nikaona mkono wake hewani, na sikujua kama umeanza kuungua au umepona. Umepona. Mimi ndiye niliyemmulikia tochi. Kila nikifumba macho nauona ule mkono.

Nilikuandikia kwa furaha kwa sababu furaha ilikuwa ya kweli, na hayo mengine niliona aibu.

Kitinda amefunga kufuli mara kumi. Mara ya saba alilia, mara ya nane akaanza kuniamrisha, kwa hiyo amepona.

Barua yako nimeiweka juu ya meza ya kukandia, nikatoka nje. Wiki hii lori lina safari za ziada kwa unga wa hospitali, kwa hiyo nampa dereva leo. Iliyo chini ya hii si yangu. Sijaisoma.

Cheche


Alhamisi hiyohiyo

Shemeji,

Salamu nyingi. Mimi si mwandishi, mimi ni mwoka mikate.

Umesema funguo zilikuwa mbili na mtoto umemwambia ni mmoja tu. Wa pili ninao. Nimeuvaa miaka kumi na tisa chini ya shati, watoto wanadhani ni wa kasha. Siku ile nilikuwa nao mkononi na sikuwahi kupata pa kuuweka.

Nauweka humu. Nimeusaga meno kwa tupa leo asubuhi, haufungui tena chochote. Kwa hiyo ulichomwambia mtoto sasa ni kweli.

Uliondoka ili nile. Sikula, shemeji. Nilikuwa naangalia kiti chako.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri tunakanda ya hospitali. Njoo. Na mkono wako njoo nao.

Shemeji yako


Ijumaa, 28 Juni

Shemeji, Cheche, na nyote,

Nafika Jumapili na lori, nimekaa mbele, dereva ameahidi kunipakia kabla ya unga. Mwambieni Fundi Koti nina bisibisi yangu ya zamani yenye mpini mzuri, ni yake.

Ufunguo uliosagwa nimeutundika kwenye uzi. Ni mwepesi kuliko nilivyoukumbuka.

Jumatatu nitasimama karibu na mashine, shemeji upande wangu wa kushoto. Mngurumo wake masikio yangu hayatausikia, kwa hiyo niachieni mahali pa kuweka kiganja ubavuni mwa mota, kwa nje. Vidole vitatu vinatosha kujua kama fezi zote zimefika.

Baada ya hapo nitakaa mezani mpaka chakula kiishe.

Vitatu